Tuzo Iliyouzwa Ikiwa Kijani

Ifakara,
4 Machi 2023

Mwalimu wangu Balbina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Kisawasawa, miguu imepungua kuvimba na mpunga unaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Duka linakwenda, madaftari yanauzika, vitabu vya kusoma vinakaa pale pale vinanitazama. Mke wangu Mboni anakusalimu.

Msimu wetu umefika. Najua ile Tuzo Kubwa ya fasihi ya dunia inatangazwa Oktoba na leo ni Machi, lakini wewe ndiye uliyetuambia darasani kwamba anayetabiri mvua baada ya kulowa si mtabiri. Mwaka jana ulinishinda na ukanicheka kurasa tatu nzima. Mwaka huu nimejiandaa. Nimesoma wanaokisia, wanaoweka dau, wanaojifanya wana shemeji kwenye kamati. Majina ni yale yale. Kuna yule mzee tuliyempa jina la Bwana Theluji, ambaye watu wake hukaa ndani riwaya nzima wakisubiri barafu iyeyuke. Kuna mshairi wako Mfungwa, aliyeandika kwenye karatasi za sigara. Na kuna Mama Fagio na wafagiaji wake wa mji wa bandari.

Bwana Theluji kamati imeshamkwepa mara nyingi mno, kumpa sasa ni kukiri kosa. Mfungwa tangu atoke gerezani hajaandika kitu cha kumkosesha mtu usingizi, usinipige. Mama Fagio ana tuzo nyingine tele, na wale wazee hawapendi kula sahani iliyokwisha kuliwa.

Kwa hiyo nimetazama kwingine. Kamati inasoma Kijerumani. Riwaya yako ya wanawake wanaoamia ndege mashambani wasile mpunga ipo kwa Kijerumani tangu yule sista wa misheni alipoitafsiri. Mwaka huu, Mwalimu, nimekuweka wewe. Sisemi kwa kukupendelea. Nimeisoma tena wiki iliyopita na nilifunga duka mapema ili niimalize.

Jihan wa redio amenipa nusu saa kila Jumamosi ya kuzungumzia vitabu. Nafikiria kukutaja humo. Unasemaje?

Mwanafunzi wako,
Muhidin


Kisawasawa,
13 Machi 2023

Muhidin,

Marahaba. Miguu inavimba kama kawaida yake.

Nimecheka mpaka Dorika, jirani yangu, akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia kuna mtu Ifakara ananipeleka Ulaya kwa barua. Akauliza kama nitarudi.

Tuanze na biashara. Mama Fagio atashinda. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikisia. Mwandishi hupimwa kwa namna anavyowaandika watu asiowapenda. Bwana Theluji anawapenda watu wake wote, ndiyo maana wanafanana. Mfungwa anawachukia askari wake, na haki anayo, ila chuki yake imemfanya awaone kofia tu. Mama Fagio anajua wafagiaji wake ni wezi, ni wambea, wana wivu wa kuuana, na bado ukimaliza kusoma huwezi kumhukumu hata mmoja. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya. Kamati wakiwa na macho wataliona hilo.

Sasa mimi. Riwaya yangu ilichapwa nakala chache, na nyingine nilizikuta Mang'ula zikifungiwa vitumbua. Nilinunua kitumbua nikasoma ukurasa wangu mwenyewe wenye mafuta. Ulikuwa ukurasa mzuri. Hapo ndipo tuzo yangu ilipoishia na nimeridhika.

Usinitaje redioni. Hili si unyenyekevu, ninaomba kwa dhati. Wewe una Mboni na watoto. Mimi ni mjane asiye na mtoto, na mtu kama mimi anazikwa na majirani. Huku nina zamu yangu ya ujima, nina kiti changu kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, chini ya mwenyekiti wetu Rosemery, ambaye niliwahi kumchapa kwa kutojua jedwali la saba. Nimechukua miaka mingi kuwasahaulisha kwamba nilikuwa mwalimu. Wananiona mwenzao. Usiniharibie.

Mpe Mboni salamu.

Balbina


Ifakara,
28 Machi 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia imechelewa. Festo, kondakta wa basi, aliisahau kwenye koti lake. Nilikuwa nimekwisha kusema, Jumamosi ya tarehe kumi na nane.

Najua utakasirika, lakini ngoja nikueleze ilivyokuwa. Nilisema dakika tano kuhusu Bwana Theluji na hakuna aliyepiga simu. Nikasema kuhusu Mfungwa, akapiga mzee mmoja kuuliza bei ya mbolea. Nilipokutaja wewe, Mwalimu, simu zikalia mpaka Jihan akaongeza kipindi. Walipiga kutoka Sanje, walipiga kutoka Mlimba, mtu mmoja alilia. Nilisoma ukurasa ule wa mtoto aliyelala shambani na kengele ya kopo mkononi. Waliuliza mshindi anapewa nini, nikawatajia kiasi, nikakigeuza kuwa shilingi. Jihan alipiga mbinja.

Nilisema wazi kwamba haya ni makisio yangu. Kila mtu anajua makisio ni makisio. Jumamosi iliyofuata wakaomba tena, nikarudia.

Kuhusu Mama Fagio hatukubaliani. Kutomhukumu mtu ni jambo jema kwa padri, lakini kamati inataka mwandishi anayesimama mahali. Wewe unasimama.

Usinune. Kuna siku utashukuru.

Muhidin


Kisawasawa,
16 Aprili 2023

Muhidin,

Sinuni. Nataka unisaidie kufikiri, kwa hiyo soma taratibu.

Jumatatu alikuja Nikodemu, yule mwenye shamba linalopakana na langu, ameshika jogoo mwekundu amemfunga miguu. Akasema hongera, mama. Nikauliza ya nini. Akasema sisi tumesikia. Nikamweleza kwamba tuzo inatolewa Oktoba, kwamba watakaopewa ni wengine, kwamba wewe ulikuwa unakisia tu kama watu wanavyokisia mpira. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, hata mpunga unavunwa Juni, lakini fedha yake watu wanaila Februari."

Hapo ndipo nilipoelewa, na wewe ulipaswa kuelewa kabla yangu. Umemsahau baba yako? Mzee Muhammad alikuwa akija huku mpunga ungali kijani, anasimama kwenye tuta anakadiria kwa sauti, shamba hili gunia kadhaa, shamba lile gunia kadhaa. Alipokwisha kusema hadharani sote tulijua fedha imepita mkononi. Hakuna mfanyabiashara anayekadiria shamba asilolinunua. Sasa mtoto wake amesimama redioni, amelikadiria shamba langu, ametaja na bei. Wanasema umeninunua nikiwa kijani. Wanasema fedha ninayo ndani.

Baada ya Nikodemu wamekuja wengine. Nina majogoo watatu wamefungwa jikoni na tetea mmoja wa Rosemery mwenyewe. Wewe ni mtu wa mjini, labda umesahau na hili. Kuku wa hongera hatolewi bure. Mwenye neema akimpokea, amekubali kurudisha kwa kadiri ya neema yake. Nirudishe nini?

Niambie nifanye nini na kuku hawa. Na uende redioni ukarekebishe.

Balbina


Ifakara,
24 Aprili 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na pole sana. Mboni amenisema hata chai sikunywa.

Nimefikiri vizuri. Warudishe kuku wote. Ukiwapokea utakuwa umekubali uongo, na baadaye watakudai. Ukiwarudisha, mtu mwenye akili ataona kwamba ungekuwa na kitu usingewakataa kuku wa watu. Wewe ni mtu wa ukweli, simama kwenye ukweli.

Redioni nimekwenda, Jumamosi hii hii. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba Mwalimu Balbina hajapokea chochote kutoka kwangu wala kwa mtu yeyote. Jihan alitaka tupite haraka kwa sababu kulikuwa na matangazo ya vifo, lakini nilirudia mara mbili. Nadhani limekwisha.

Nimepata habari mpya. Wanaoweka dau wamempandisha Bwana Theluji. Nimeanza kuogopa kidogo. Wewe bado unashikilia Mama Fagio?

Muhidin


Kisawasawa,
11 Juni 2023

Muhidin,

Nimekaa muda bila kukuandikia kwa sababu kila nilipoanza niliandika matusi, na karatasi ni ghali.

Niliwarudisha kuku. Nilimbeba tetea wa Rosemery mwenyewe mpaka mlangoni kwake, nikamweleza kwa upole. Hakupokea mkononi. Aliniacha nimwachie chini, akamtazama anavyokimbilia mgombani. Ungemuona uso wake. Nilikuwa nimemwambia, bila kutamka, kwamba sitaki kumpa kitu, na kwamba hata kitu chake sikitaki. Hivyo ndivyo alivyosikia, na kwa desturi zetu ndivyo ilivyo. Nililijua hilo nikiwa njiani na kuku kwapani, lakini nilikuwa na barua yako inayosema nisimame kwenye ukweli. Nimezeeka nikawa mjinga wa kufuata ushauri wa kuandikwa.

Na ulivyorekebisha redioni, umeniongezea. Ulisema sijapokea chochote. Baba yako naye alikuwa akisema hivyo hivyo sokoni, kwamba fulani hajauza bado, ili wanunuzi wengine wasijue bei. Walicheka, wakasema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mwezi wa tano kikundi kilikaa. Hawakunifukuza kwa maneno makali. Rosemery alisoma kwamba kikundi ni cha wasio nacho, na mwenye nacho atajizika mwenyewe. Akanirudishia michango yangu ya miaka yote kwenye mfuko wa nailoni. Niliomba kusema. Nilisema. Walinisikiliza kwa adabu ile ile ya Nikodemu.

Kisha tembo wakashuka kutoka Udzungwa, mpunga ukiwa umekaribia kabisa kuvunwa. Unajua tunavyofanya, mmoja akiwasikia anapiga debe, wa pili anaitikia, mpaka mashamba yote yanalia na wanyama wanarudi mlimani. Nilipiga debe langu. Dorika aliitikia, lakini yeye ni mgeni huku, ni Msukuma mwenye ng'ombe wachache, na yuko ng'ambo ya kijito. Wengine walikaa kimya. Nilisikia mlango wa Nikodemu ukifunguliwa, kisha ukafungwa. Nilipiga mpaka mkono ukafa ganzi. Tembo walikula, wakakanyaga, wakalala humo humo.

Muhidin, mimi siogopi njaa sana. Nimeshaiona. Naogopa kufa na kulazwa shimoni na mkono mmoja wa Dorika, bila mtu wa kuimba. Mume wangu alizikwa na watu wengi mpaka wakakanyaga maboga ya jirani. Hilo ndilo ninalolitaka na sina lingine.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Njoo wewe mwenyewe. Usiseme redioni, usiandike. Njoo usimame mbele yao, wakuulize, uwajibu wakikutazama machoni.

Mama Fagio ndiye. Sijabadilika.

Balbina


Ifakara,
1 Julai 2023

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nyuma ya duka nimejifungia. Pole kwa tembo na kwa mpunga.

Nitakuja. Lakini sasa hivi Mboni amejifungua, mtoto wa kike, na hali yake haikuwa nzuri, na shule zinafunguliwa, duka halina mtu. Nikwambie na ukweli mwingine. Nikija nitawaambia nini? Nimekwisha kusema mara mbili na kila nikifungua mdomo mambo yanaharibika. Nina aibu ya kukutazama.

Nimemkabidhi Festo gunia la mchele, sukari na blanketi zito. Atashusha kwenye barabara kubwa na watu watakusaidia kubeba. Kula, Mwalimu. Usigawe.

Na ufikirie hivi. Oktoba si mbali. Siku kamati itakapotaja jina la mtu mwingine, dunia nzima itasikia, na hata Nikodemu atajua kwamba hukuwa na kitu. Tuzo yenyewe ndiyo itakayokusafisha. Tuvumilie mpaka hapo. Kwa mara ya kwanza maishani naomba nishindwe.

Muhidin


Kisawasawa,
19 Julai 2023

Muhidin,

Mungu amkuze mtoto, na Mboni apone.

Gunia lako lilishushwa mbele ya kituo kizima, limeandikwa jina langu kwa rangi nyekundu. Mchele mzuri, wa daraja la kwanza. Festo akapaza sauti, "Mzigo wa Mwalimu kutoka kwa Muhidin."  Watu walihesabu kila alichokuwa akishusha.

Nililifungua pale pale nikaanza kugawa kwa kisahani. Niliona ni heri wale na mimi. Walipokea. Mama mmoja akasema, akidhani sisikii, kwamba mwenye bahari anatugawia matone. Nilibaki na blanketi.

Sikulaumu kwa gunia. Ulitaka nile. Lakini nilikuomba uje.

Balbina


Ifakara,
7 Oktoba 2023

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimeandika Agosti, nimeandika Septemba, hujajibu. Festo anasema barua alimpa Dorika mkononi.

Mama Fagio ameshinda. Ulisema Machi, kabla ya wote. Kamati imeandika sababu zake, nimezisoma nikaona aibu, kwa sababu ni zako. Wanasema anawaandika watu wenye makosa bila kuwahukumu. Niliketi chini dukani. Mteja akadhani nimefiwa.

Leo nimetangaza redioni. Nimetaja jina lake, nchi yake, nimesema Mwalimu Balbina hakushinda, hakupata, hajapata, na tuzo imekwenda kwa mwingine. Jihan alisoma tena kwenye taarifa ya habari. Sasa hakuna wa kubisha. Rosemery atakuja mwenyewe kukuomba radhi, utaona. Wakikurudisha kwenye kikundi niandikie siku hiyo hiyo.

Nimeshindwa tena, na nimefurahi kupita kiasi.

Muhidin


Kisawasawa,
22 Oktoba 2023

Kaka Muhidin,

Salaam. Mimi ni Dorika, jirani yake Bibi Balbina. Anaumwa na mkono haushiki kalamu, kwa hiyo anasema mimi naandika. Nimeishia darasa la saba unisamehe mwandiko. Yafuatayo ni maneno yake.

Muhidin, habari ya redio tumeisikia. Nimefurahi kwa Mama Fagio kana kwamba ni shangazi yangu. Angekaa huku wiki moja angepata riwaya nyingine.

Unataka kujua wamesemaje. Wanasema mnunuzi akishanunua shamba, mazao yanatoka kwa jina la mnunuzi. Umeninunua, ukamuuzia mama wa Ulaya, yeye ndiye amevuna. Fedha yangu niliila zamani. Nimefikiria niwaonyeshe wapi wamekosea na nimeshindwa, kwa sababu kwenye mpunga ndivyo inavyokuwa. Wanatumia akili waliyonayo. Mimi ningekuwa Nikodemu ningesema vile vile, na pengine nisingefungua hata mlango.

Usiwachukie. Sitaki uje huku na hasira za mjini. Ila nina uchungu, Muhidin. Nilidhani nikiwa mzee nitakuwa nimezoea mambo. Jana kulikuwa na msiba kwa kina Nikodemu, nikasikia wanaimba, nikaimba na mimi kitandani ili nisihisi nimeachwa nje. Dorika hajui nyimbo zetu, ameniahidi atajifunza mmoja.

Mwaka kesho mtazame Mfungwa. Amechapisha kitu kidogo cha kumhusu mama yake. Nimeona kwenye gazeti ulilonitumia.

Balbina

Haya ya chini ni yangu, yeye hajui. Hali chakula. Anakunywa maziwa kidogo ninayomletea, mengine anatapika. Nimewaomba vijana wamkimbize zahanati kwa pikipiki, wakasema mwenye fedha akodi gari. Kaka, njoo.


Ifakara,
27 Oktoba 2023

Dada Dorika,

Nakuja Jumamosi ijayo, tarehe nne, na gari la kumbeba mpaka hospitali. Kabla ya hapo gari halipatikani, yote yanabeba mbegu. Nimemtuma Festo na fedha ya dripu na ya zahanati kwa sasa, atakupa mkononi mwako, asionekane na mtu. Mwambie Mwalimu nakuja. Mwambie nitasimama mbele yao kama alivyotaka.

Muhidin


KIKUNDI CHA KUFA NA KUZIKANA TUINUANE
Kisawasawa
4 Novemba 2023

Kwa Ndugu Muhidin,
Ifakara.

YAH: MAZISHI YA MAREHEMU MWALIMU BALBINA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Kikundi kinasikitika kukutaarifu kwamba Mwalimu Balbina amefariki jana jioni nyumbani kwake. Mwili upo ndani, na yule mama Msukuma, Dorika, amekaa naye. Joto ni kali na hauwezi kusubiri sana.

Kama unavyofahamu, marehemu alitolewa kwenye kikundi kwa kosa la kupata neema na kuwaficha wenzake. Vijana wamekataa kuchimba. Wanasema hawawezi kumchimbia mtu aliyekula peke yake, na wazazi wao wamewaunga mkono. Mimi binafsi sina kinyongo, nilisoma kwake, lakini mwenyekiti ni mtumishi wa wanakikundi.

Kwa kuwa wewe ndiye uliyenunua tuzo ya marehemu, kikao cha asubuhi hii kimeamua yafuatayo yaulizwe kwako kwa maandishi. Je, ni kweli ulinunua? Je, marehemu alipokea fedha yote, na kama ipo iliyobaki, ipo wapi? Jibu lako litasomwa kwa sauti uwanjani mbele ya watu wote ndipo wanakikundi waamue kama atazikwa na kikundi, au azikwe na huyo mama peke yake.

Barua hii inaletwa na Dionisi mwenye bodaboda. Mpe jibu arudi nalo. Watu wamekaa wanasubiri.

Wako katika ujenzi wa kikundi,
Rosemery
Mwenyekiti


Ifakara,
4 Novemba 2023

Mama Mwenyekiti Rosemery,

Salaam, na poleni kwa msiba. Dionisi amenikuta napakia gari kuja huko. Naomba barua hii isomwe yote bila kuruka neno.

Mmeuliza kama nilinunua. Nilinunua. Mimi ni mtoto wa Mzee Muhammad na nilifanya alivyokuwa akifanya, nilikadiria shamba la mtu hadharani lingali kijani. Mlielewa sawasawa tangu siku ya kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwadanganya redioni.

Mmeuliza kama alipokea. Hakupokea hata shilingi. Tulikubaliana nimpe fedha yake kabla ya mavuno, na sikumpa. Kila alipoandika kunidai nilimjibu kwa maneno matamu. Aliniomba nije nisimame mbele yenu, nikatoa visingizio. Lile gunia la mchele ni kitu pekee alichopata kwangu, na mnajua aliligawa kwa nani. Kuku wenu aliwarudisha kwa sababu mimi nilimwagiza awarudishe, ili msijue biashara yetu. Alipowaambia hana kitu, alikuwa anasema kweli, na yeye hakuruhusiwa kueleza zaidi. Hakuficha neema. Neema ilifichwa na mimi.

Kwa hiyo aliyekula peke yake ni mimi. Nikifika nifanyeni mnavyoona inafaa. Semeni jina langu barabara nzima kuanzia Sanje mpaka Mlimba, watu wasinunue kwangu hata penseli. Sitabisha popote, wala redioni.

Salio lake nakuja nalo. Ni la jeneza, ni la chakula cha wafiwa na la vijana watakaoshika majembe, na litakalozidi liingie kwenye kikundi kwa jina lake, kwa sababu alikuwa mwanakikundi siku zote na hakuvunja kanuni. Mwekeni pembeni ya mumewe. Imbeni nyimbo zote mnazozijua, na mumruhusu Dorika naye aimbe.

Nitakuwa barabarani nyuma ya Dionisi. Msinisubiri. Anzeni kuchimba.

Muhidin bin Muhammad